Hadithi Igeukapo Nchi

Hadithi na nchi ni vitu viwili mbalimbali. Hadithi ina mwenyewe, naye ni mtungaji; nchi ina wenyewe, nao ni wakazi. Msomaji wa hadithi hupita ndani yake kama msafiri apitaye njia ya watu: huona milima, husikia vilio na vicheko, hupenda baadhi ya watu na kuwachukia wengine, kisha hufunga kitabu na kurudi kwake. Hapandi mti humo, hajengi nyumba, wala hakosani na jirani. Mtungaji akipenda kumwua shujaa katika sura ya mwisho, msomaji aweza kuhuzunika, lakini hawezi kudai kwamba amedhulumiwa.

Siku hizi pana ufundi unaofuta mpaka huo. Hadithi za kubuni, aghalabu zile zihusuzo sayansi, nyota na vyombo vya kusafiri angani, huchukuliwa kutoka katika vitabu au filamu na kufanywa mchezo wa kompyuta unaoingiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kwa njia ya intaneti. Kila aingiaye huchagua jina, umbo na kazi, akaishi humo pamoja na wenziwe kwa miezi na hata miaka. Akizima kompyuta yake akalala, ulimwengu ule haulali. Wenziwe huendelea kununua na kuuza, kupigana na kupatana, na asubuhi hukuta habari mpya. Swali la insha hii ni la maadili, si la ufundi. Mtu ageuzaye hadithi kuwa nchi, akawakaribisha watu wakae humo, ana wajibu gani kwao? Je, hubaki na uhuru wa mtungaji, au huchukua mzigo wa mtawala?

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru tuna kisa kidogo kinachoweza kutufungulia mlango. Filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa mwaka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa katika nchi yetu, na Momella ikawa mojawapo ya mandhari zake. Watu wa mataifa mengi waliuona mlima wetu katika filamu hiyo, wakafurahi, wakatoka sinema wakaenda kulala. Hapana aliyewadai neno, nao hawakudai neno. Lakini mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda Momella hata akanunua shamba na kuishi pale kwa miaka kadhaa. Tangu siku aliyonunua shamba, hali yake mbele ya Momella ilibadilika. Mlima ambao katika filamu ulikuwa pazia la nyuma, sasa ulikuwa jirani yake. Mvua yake ilikuwa mvua yake, na watu wake walikuwa watu wa kusalimiana nao. Mtazamaji hana haki wala wajibu mahali anapopatazama. Mkazi anavyo vyote viwili.

Michezo ninayoisema humwalika mtazamaji awe mkazi. Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw, na baada yake Richard Bartle, walitunga ulimwengu wa maneno matupu, usio na picha hata moja, ambamo watu kadhaa waliweza kuingia pamoja na kusemezana. Kutoka mbegu hiyo ulikua mti mkubwa. Na tawi linalotuhusu ni lile lililochipuka tarehe 26 Juni 2003, Kampuni ya Sony Online Entertainment ilipoufungulia umma mchezo uitwao Star Wars Galaxies, uliotokana na filamu za Star Wars zilizoanzishwa na George Lucas mwaka 1977. Mbunifu wake mkuu alikuwa Raph Koster.

Tatizo la kwanza lililomkabili mbunifu huyo linafaa kufikiriwa na kila mtu apendaye fasihi. Hadithi hutaka shujaa mmoja au wachache. Nchi hutaka watu wengi, na kila mmoja wao ni shujaa machoni pake mwenyewe. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, na ndani yake Karama anayesimama mbele ya mfalme kujitetea dhidi ya mashtaka ya Majivuno. Tuseme fundi wa leo aigeuze Kusadikika kuwa mchezo wa watu elfu kumi. Nani atakuwa Karama? Akiwa mmoja, hao wengine watafanya kazi gani? Wakiwa wote, mahakama itajaa akina Karama elfu kumi, kila mmoja akijitetea kwa sauti kuu, na hapatakuwa na mtu wa kumsikiliza mwenziwe. Kitu kilichokuwa ujasiri katika kitabu kitakuwa kelele katika mchezo.

Jibu la Star Wars Galaxies katika miaka yake ya kwanza lilikuwa la busara. Wabunifu hawakumpa kila mtu cheo cha shujaa. Walimpa kila mtu mahali. Palikuwa na kazi zaidi ya thelathini, na nyingi hazikuwa za vita. Mtu aliweza kuwa mshonaji, mpishi, mjenzi wa nyumba, mchimba madini, tabibu, mpiga muziki au mcheza ngoma. Vyombo vilichakaa kwa kutumiwa, kwa hiyo askari alimhitaji fundi. Uchovu wa vita uliondolewa kwa kukaa katika ukumbi wa starehe na kutazama ngoma, kwa hiyo askari alimhitaji mcheza ngoma pia. Wachezaji walijenga miji yao, wakachagua mameya kwa kura. Jedi, yaani wale mashujaa wenye nguvu za ajabu ambao kila mtoto aliyeona filamu zile alitamani kuwa mmoja wao, walikuwa adimu. Njia ya kuufikia ujedi ilikuwa ndefu na mwanzoni ilifichwa.

Mtu asiseme kwamba huo ulikuwa mpango wa kuwapunja watu ndoto zao. Ndani yake mlikuwa na fundisho ambalo hadithi yenyewe haikuweza kulitoa. Filamu hutuonyesha Jedi na upanga wake wa nuru. Haituonyeshi aliyemshonea kanzu. Mchezo ulimleta mshonaji mbele. Ulionyesha kwamba ulimwengu wa mashujaa husimama juu ya mabega ya watu wasioimbwa, na kwamba watu hao wana heshima yao. Mtu aliyejulikana katika mji wake kwa kutengeneza silaha nzuri alijulikana kweli, maana wateja wake walikuwa watu wenye damu, walioketi mbele ya kompyuta zao Marekani, Ulaya na kwingineko.

Kisha yakaja mageuzi. Mwaka 2005 mchezo ulibadilishwa mara mbili, na badiliko la pili, la mwezi Novemba, liliupindua kabisa. Kazi zile zaidi ya thelathini zilipunguzwa zikawa tisa. Jedi akawa mmoja wa hao tisa, na kila mgeni aliweza kumchagua siku ya kwanza. Lililowauma watu zaidi ni kwamba siku chache tu kabla ya hapo walikuwa wameuziwa nyongeza ya mchezo, nao waliinunua wakidhani ulimwengu wao utabaki kama ulivyo. Baadaye kampuni ilikubali kuwarudishia fedha zao waliotaka.

Ni haki kuwasikiliza wenye mchezo pia. Mwishoni mwa mwaka 2004 ulikuwa umetokea mchezo mwingine, World of Warcraft, mwepesi kujifunza na wenye wachezaji wengi mno kuupita. Wenye Star Wars waliona kwamba mgeni aliyeipenda filamu huingia akitaka kuwa shujaa, akakuta anaambiwa achimbe madini, alishangaa, akaondoka. Walitaka kuurudisha mchezo karibu na hadithi. Sababu hizo si za kipuuzi, lakini kwa kuirudia hadithi waliivunja nchi. Wachezaji wengi wa zamani waliondoka, na wageni waliotazamiwa hawakuja kwa wingi wa kujaza mahali pao. Tarehe 15 Desemba 2011 mchezo ulifungwa, na siku tano baadaye mchezo mwingine wa Star Wars, uliotengenezwa na kampuni nyingine, ukafunguliwa rasmi. Hadithi iliendelea, ikahamia nyumba mpya. Wakazi wa nyumba ya zamani walibaki na kumbukumbu.

Mambo haya yangebaki kwangu habari za mbali kama yasingeingia katika nyumba yetu. Mpwa wangu, alipokuwa mwanafunzi wa chuo mjini Arusha, alizoea kwenda jioni katika duka moja la kompyuta la kulipia kwa saa, akicheza mchezo wa namna hii uliotokana na hadithi ya safari za angani. Humo alikuwa tabibu. Sikujua lolote juu ya utabibu wake mpaka siku aliyokuja nyumbani Ngarenanyuki amejiinamia kama mtu aliyefiwa. Tulipomwuliza, alisita, kisha akaeleza kwa aibu kwamba mchezo wao umefungwa. Usiku wa mwisho walikuwa wamekusanyika uwanjani, yeye na watu wa nchi saba au nane ambao hajapata kuwaona uso kwa uso, wakaagana, wakangoja. Kisha kioo kikaandika kwamba mawasiliano yamekatika.

Mimi nilicheka, na sasa najuta. Baba yangu, ambaye ni babu yake, hakucheka. Mzee huyu alikuwa mtoto wa kuchunga ndama mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Aliona nyumba zikibomolewa na kuchomwa moto. Alikua akisikia jinsi Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alivyokwenda Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952 kuwasemea watu wa Meru, na jinsi azimio la kuwarudishia ardhi lilivyokosa kupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Mzee huyo alimtazama mjukuu wake akamwuliza, "Je, waliwaambia mapema?"

"Ndiyo, babu. Miezi mitatu kabla."

"Sisi pia tuliambiwa mapema," mzee akasema. "Kuambiwa si kuulizwa, mjukuu wangu."

Hakuongeza neno. Lakini neno hilo limenikaa moyoni kwa miaka, na ndilo lililonifanya niandike.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kufungwa kwa mchezo na kunyang'anywa ardhi ni jambo moja. Aliyehamishwa Engare Nanyuki alipoteza chakula, mifugo, paa la nyumba yake na makaburi ya wazee wake; mpwa wangu alipoteza jioni zake. Anayevilinganisha vitu hivyo viwili kwa uzito huwatukana waliolala nje katika mvua. Ila vitu vyaweza kutofautiana kwa uzito na vikafanana kwa umbo, kama kifaranga afananavyo na jogoo. Umbo la kisa ni hili: yuko mwenye hati, na wako wenye maisha, na mwenye hati huamua juu ya mahali bila ya kuwauliza wenye maisha, kwa sababu katika hati yake hawamo.

Hapa zitatolewa hoja tatu, nami nitazijibu kwa utaratibu.

Hoja ya kwanza husema kwamba ule ni mchezo tu, na vitu vyake ni picha. Ni kweli kwamba kanzu ya Jedi haimkingi mtu na baridi ya Meru. Lakini tuangalie kilichokuwamo. Picha zilikuwa za uongo; urafiki haukuwa wa uongo. Ahadi zilizotolewa mle zilitolewa na watu, zikatimizwa au zikavunjwa na watu. Bao nalo ni vishimo katika ubao na kete ndogo, lakini mtu akija kila siku barazani kupindua ubao wa wazee, hapana atakayesema kwamba amemwaga kete tu. Amevunja baraza.

Hoja ya pili husema kwamba kila mchezaji alikubali mkataba alipoingia, na mkataba ulisema wazi kwamba mwenye mchezo aweza kuubadilisha au kuufunga wakati wowote. Hoja hii ni nzito kwa mbele ya sheria, na nyepesi kwa mbele ya maadili. Mkataba ule hufungwa na mtu mmoja mmoja, kabla hajajua atakachokijenga wala atakaokutana nao. Kitu kilichojengwa baadaye hakikujengwa na mtu mmoja. Mji, soko, sifa ya fundi, mila za ukumbi wa ngoma, hivyo ni mali ya watu kwa jumla yao, na hakuna mkataba uliowauliza kwa jumla yao. Hapa Arusha tuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Neno hilo la mwisho, "na Watu", halikuwekwa kwa kupamba jina. Mkataba wa Afrika uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 ulikiri kwamba zipo haki za mtu mmoja, na zipo haki zinazoshikwa na watu wakiwa pamoja. Sidai kwamba mahakama ile iletewe kesi za michezo. Nasema kwamba fikra iliyomo katika jina lake yatusaidia kuona kitu ambacho mkataba wa mtu mmoja mmoja hauwezi kukiona.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Husema kwamba mwenye mchezo hulipa gharama. Mashine zinazoubeba ulimwengu ule hula umeme na hutaka mafundi, na wachezaji wakipungua hapana awezaye kumlazimisha mtu kulisha ng'ombe asiyetoa maziwa. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Wajibu hauwezi kuzidi uwezo, na hakuna nchi iliyoahidiwa kudumu milele. Lakini tofauti ipo kati ya kusema "siwezi kulisha ng'ombe huyu" na kusema "siwezi kumlisha, wala mwingine hataruhusiwa kumlisha". Baada ya mageuzi ya 2005, watu waliojitolea walianza kuutengeneza upya mchezo wa zamani kwa mikono yao, bila mshahara, na kazi yao imedumu baada ya mchezo wenyewe kufungwa. Wamefanya hivyo bila hati, chini ya kivuli cha sheria iwezayo kuwaangukia. Je, ni nani aliyedhurika kwa kazi yao? Na mtu mwema angekosa nini kwa kuwapa ruhusa?

Ajabu ni kwamba haya hayakuwa mageni kwa waliohusika. Mwaka 2000, kabla ya Star Wars Galaxies kufunguliwa, Raph Koster mwenyewe aliandika tamko la haki za wachezaji, akilifuatisha Tamko la Haki za Binadamu na Raia lililotolewa Ufaransa mwaka 1789. Alilitoa kama jaribio la fikra, akitaka kuona ni wapi haki za raia zinaweza kuingia katika ulimwengu wa mchezo na ni wapi zinakwama. Basi swali lilikwisha kuulizwa na mjenzi kabla nyumba haijajengwa. Na halijazimika: barani Ulaya, kufikia Julai 2025, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wametia sahihi zao kuomba sheria ya kuwazuia wauza michezo kuiua kabisa michezo waliyokwisha kuiuza.

Kwa maoni yangu, ageuzaye hadithi kuwa nchi hujitwika wajibu wa namna tatu. Wa kwanza ni kusema kweli mlangoni: aingiaye ajue kama amealikwa kukaa au kutazama tu, na asiuziwe leo kitu ambacho muuzaji anajua atakivunja kesho. Wa pili ni kushauriana. Mwenye mchezo si lazima atii kila kelele, kwa sababu wakazi nao hukosea na hutofautiana. Lakini aulize kabla ya kuamua, na jibu liwe na uwezo wa kubadilisha kitu. Wa tatu ni kuachilia kwa heshima: asipoweza tena kuubeba ulimwengu ule, awaachie waupendao waubebe, au angalau asiwapige mikono wanapojaribu.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaojifunza ufundi wa kompyuta, hapa Arusha na kwingineko. Siku yaja ambapo mmoja wao atachukua hadithi yetu, pengine Kusadikika yenyewe, akaigeuza kuwa nchi ya watu wengi. Nitafurahi sana kuiona siku hiyo. Namwomba akumbuke tu kwamba atakapofungua mlango na mtu wa kwanza akaingia, atakuwa ameacha kuwa mtungaji peke yake. Watu watashona humo, watapika, watachezeana ngoma, nao hawatakuwa wahusika wake. Akija siku moja kutaka kulibadilisha jambo kubwa, asiridhike kwa kuwaambia.

Leo Ngarenanyuki ni nchi ya nyanya na vitunguu, na magari hushuka nayo kwenda sokoni karibu kila siku. Baba yangu huketi nje jioni akiyatazama yakipita. Mpwa wangu, ambaye sasa ni fundi wa kompyuta mjini, akija kututembelea huketi karibu naye. Juzi nilimsikia mzee akimwuliza kama amepata kusikia habari za wale rafiki zake wa angani. Kijana akajibu kwamba wawili bado huandikiana naye.

"Basi," mzee akasema, "hawakuchukua yote."